Msiba si mahali pa kupima imani ya mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nieleze jambo ambalo nimekaa nalo moyoni kwa miaka kadhaa, na ambalo mwezi uliopita lilinifika shingoni nikaona siwezi tena kulinyamazia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mjane, Mkristo wa Kilutheri niliyebatizwa nikiwa mchanga, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa miongoni mwa wanawake wa usharika wetu wanaotembelea wagonjwa na waliofiwa. Sikusomea theolojia. Ninachokijua nimekipata kwenye Biblia, kwenye vitanda vya wagonjwa, na kwenye kitanda kimoja hasa, ambacho nitakieleza.

Mwezi uliopita tulikuwa msibani hapa mtaani kwetu Tabata. Mama mmoja kijana alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee. Turubai lilikuwa limefungwa tangu usiku, wanaume wako nje kwenye viti vya kukodi, sisi wanawake tumekaa ndani kwenye mikeka, na yeye katikati yetu hali wala hasemi. Mhubiri aliyekaribishwa kutoa neno la faraja, ambaye sitamtaja yeye wala kanisa lake, alishika kipaza sauti akasoma maneno tunayoyajua sote, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", kisha akaeleza kwamba mtu mwenye imani ya kweli huuhisi uwepo wa Mungu saa ya majaribu waziwazi, kama anavyouhisi moto aliyekaa karibu na jiko, na kwamba asiyeuhisi ajichunguze, kwa sababu Mungu hawi mbali na mtu isipokuwa dhambi imejenga ukuta katikati yao. Watu wakaitikia amina. Mama yule aliinua uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi, akatutazama mmoja mmoja, akainama tena. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumsikia akimuuliza dada yake kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo ni mimi?"

Ninaandika kwa ajili ya swali hilo. Sikubishana na mhubiri pale pale, kwa kuwa msiba una heshima yake, na inawezekana kabisa kwamba alidhani anafariji. Lakini mafundisho aliyoyatoa yameenea mno katika jiji hili. Yanasikika kwenye mikutano ya hadhara, yanasikika redioni, na siku hizi yanaingia hata katika sharika zetu ambako wazee wetu hawakuyajua. Kwa maoni yangu hayatokani na Maandiko, na kazi yake ni kumtwisha mtu aliyeumia mzigo wa pili juu ya ule ambao tayari umemwelemea.

Yaliwahi kufika nyumbani kwangu pia. Mwaka 2017 mume wangu alianza kukwamwa na chakula kooni. Tulidhani ni vidonda vya tumbo, tukapoteza miezi, hadi tulipoambiwa kwamba ni saratani ya umio. Kwa majuma kadhaa tulikwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road siku tano kwa juma kwa ajili ya mionzi, tukitoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili tuwahi foleni. Aliyewahi kumuuguza mtu pale anaijua hali ilivyo: lile jengo la kale la Wajerumani linaloitazama bahari, watu wa kila mkoa wenye lahaja zao, wengine wamesafiri siku mbili, na kila mmoja ana kanga ya kujifunika, chupa ya chai na bahasha kubwa ya picha na vipimo. Wauguzi walitutendea kwa upole ambao nitawaombea baraka kwa ajili yake hadi nife. Ugonjwa lakini ulikuwa umekwenda mbali. Baadaye alitiwa mpira wa kulishia tumboni, akapewa mofini ya maji ya kutuliza maumivu, tukarudi nyumbani kusubiri.

Nilitazamia kwamba katika kipindi hicho Mungu angekuwa karibu nami kuliko wakati mwingine wowote. Nilikuwa nimewaambia wengine hivyo kwa miaka mingi, tena kwa moyo mweupe, na katika ibada, hasa tulipoimba nyimbo za Kwaresima, mara nyingi nilikuwa nimejisikia kama mtu aliyewekewa mkono begani. Sasa nilipiga magoti usiku, mume wangu akihema kwa shida upande wa pili wa chumba, na sikuhisi chochote. Nilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama: anabisha, anasikiliza, anabisha tena, na sauti inayomrudia ni ya kwake. Hali hiyo haikudumu siku mbili au tatu. Ilidumu miezi 11.

Ndugu mmoja kwa nia njema alituletea mhubiri. Alituombea kwa sauti kubwa, kisha akasema kwamba kuna mlango wa ukoo uliofunguliwa, kwamba inatupasa kutoa sadaka maalumu ya kuufunga, na kwamba tuache dawa kama ishara ya kumwamini Mungu peke yake. Hatukutoa na hatukuacha dawa. Mume wangu, ambaye sauti ilikuwa imemwisha, alitikisa kichwa mara moja tu na yule mtu akaelewa. Kilichobaki nyumbani ni maneno aliyoniambia mimi mlangoni wakati anaaga. Aliniuliza kama ninausikia uwepo wa Mungu ninapoomba. Nilimjibu kwa ukweli kwamba sisikii kitu. Akasema: "Basi, mama, wewe ndiye unayemzuia." Kwa majuma mengi baada ya hapo, ninapomgeuza mgonjwa, ninapomwosha, ninapochemsha vyombo vyake, nilikuwa nikihesabu dhambi zangu tangu usichana, nikitafuta ni ipi iliyomfukuza Mungu katika nyumba yangu. Niliona aibu hata kumweleza mchungaji wangu. Wanawake wenzangu walipokuja kunitembelea na kuniuliza hali, niliwajibu kwamba Bwana ni mwema, nikaona kwamba ninawadanganya.

Aliyenitoa huko ni mchungaji mstaafu wa usharika jirani, mzee sana, aliyekuja kumtazama mume wangu akiwa anatembelea mkongojo. Nilimwambia yote. Hakunifundisha lolote, aliniomba tu nilete Biblia, akafungua Zaburi ya 88, akaniambia niisome kwa sauti. Nilikuwa nimesoma Biblia maisha yangu yote, na ninakiri kwamba Zaburi hiyo sikuwa nimewahi kuisimamia. Inaanza kwa kumlilia Mungu mchana na usiku, inaendelea kwa kulalamika kwamba amemficha mwombaji uso wake, nami niliposoma nilikuwa nikingoja pale inapogeuka, kwa maana Zaburi za huzuni karibu zote hugeuka: ya 13 inaanza na "hata lini" ikaishia katika kuimba, ya 22 inaanza na kuachwa ikaishia katika sifa. Ya 88 haigeuki. Mstari wake wa mwisho ni huu: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Hapo imekwisha. Nikamtazama mzee yule, akasema kwamba waliokusanya Zaburi 150 waliiona hiyo nayo, wakaijua ilivyo, wakaiacha humo ili isomwe hekaluni.

Baada ya kuondoka kwake niliisoma tena kama nilivyozoea kusoma insha za wanafunzi, nikiangalia viambishi. Nikaona kwamba mtu huyu aliye gizani hamzungumzii Mungu katika nafsi ya tatu. Hasemi "amewatenga". Anasema "umewatenga". Toka mwanzo mpaka mwisho anamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, ijapokuwa uso wenyewe hauoni. Ndivyo ilivyo pia katika Zaburi ya 22, ambayo Bwana wetu aliitamka msalabani na ambayo tunaisikia kila Ijumaa Kuu: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mtu hamwambii "umeniacha" yule ambaye hadhani kwamba anamsikia. Niligundua kwamba miezi yote ile, hata katika usiku uliokuwa mkavu kuliko mwingine, sikuwa nimeacha kusema "wewe".

Sasa naomba wahubiri wetu wanisikilize kwa uvumilivu. Tunapenda kunukuu msibani sura ya kwanza ya kitabu cha Ayubu, ambamo anamsifu Mungu aliyetoa na kutwaa, na katika mikutano ya ushuhuda tunapenda kunukuu sura ya 42, ambamo anarudishiwa mali maradufu. Kati ya sura hizo mbili ziko nyingine 40, na katika sehemu kubwa yake Ayubu anateta na Mungu, anamtafuta mbele hayuko, anarudi nyuma hamwoni, huku rafiki zake wakimweleza kwa ufasaha mkubwa kwamba haiwezekani ateseke hivyo bila dhambi aliyoificha. Mwishoni Mungu anawakasirikia marafiki, wale waliomtetea yeye Mungu, na kusema kwamba aliyenena yaliyo kweli juu yake ni Ayubu. Huwa nashangaa tunawezaje kukisoma kitabu hicho na kisha tukasimama chini ya turubai kurudia hoja za Elifazi, mmoja wa marafiki hao.

Najua andiko ambalo ukuta wa dhambi hujengwa juu yake. Ni Isaya 59, panaposemwa kwamba maovu yamewafarikisha watu na Mungu wao. Lakini anayesoma mstari unaofuata atakuta wanaoambiwa hayo ni watu ambao mikono yao imetiwa unajisi kwa damu na midomo yao imenena uongo, na mbele kidogo tunasoma kwamba hukumu ya haki haimo katika njia zao. Nabii alikuwa akiwakemea wadhalimu. Hakuwa amesimama mbele ya mama aliyempoteza mtoto. Wanafunzi walipomuuliza Yesu juu ya yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, jibu lilikuwa fupi: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Laiti jibu hilo ndilo lingetolewa kwa kipaza sauti siku ile.

Tena tumtazame Bwana mwenyewe akiwa msibani, huko Bethania. Alipata habari kwamba Lazaro anaumwa, akakaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa, na alipofika maiti ilikuwa na siku nne kaburini. Martha alimpokea kwa maneno ambayo nadhani kila mfiwa amewahi kuyasema japo kimoyomoyo: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Ni lawama juu ya kutokuwapo, tena imesemwa mbele ya watu. Mariamu akaja baadaye akarudia maneno yale yale. Martha alijibiwa kwa neno, lile kuu la ufufuo na uzima. Mariamu hakupewa mafundisho, bali Yesu aliuliza wamemweka wapi marehemu, kisha akalia machozi. Katika wote wawili hakuna aliyeambiwa kwamba analalamika kwa sababu imani yake ni haba.

Mume wangu katika miezi yake mitatu ya mwisho hakuweza kusema wala kuomba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sala ndefu zilizopangika, na kunyang'anywa maneno kulimuumiza kuliko njaa. Usiku aliugua tu. Hapo ndipo neno moja la lugha yetu, ambalo nililifundisha darasani miaka 34 bila kulitafakari, lilinifungukia. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kuugua, kwa mtu mwenye maradhi na kwa mtu anayetoa sauti ya maumivu isiyo na maneno. Na katika Biblia yetu ya Union, Mtume Paulo anaandika kwa Warumi kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Nililala kwenye mkeka kando ya kitanda nikisikiliza sauti ile, na kwa miezi nilikuwa nimeihesabu kuwa ni sauti ya nyumba iliyoachwa na Mungu. Kumbe Maandiko yanasema kwamba Roho naye huomba hivyo hivyo. Sikuhisi joto, sikuona nuru. Nilisikiliza tu kwa namna nyingine, na kuanzia usiku ule sikumwomba Mungu aje, kwa maana niliona huenda ndiye niliyekuwa nikimsikia.

Jambo la pili ni la uji. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kiislamu, ambaye nilikuwa nikijuana naye kwa salamu na kuazimana vyombo. Alipojua kwamba mgonjwa analishwa kwa mpira, alianza kuleta uji wa ulezi kila siku alfajiri, baada ya swala yake. Aliuchuja mara mbili kwa kitambaa, kwa sababu siku ya kwanza ulikuwa na chembe ukaziba mpira, na hakuhitaji kuambiwa tena. Alibisha hodi, akanipa chupa, akauliza ameamkaje, akaondoka. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani na yeye akawa amefunga, aliendelea kuleta. Sitaki kumfanya Mkristo kupitia barua hii. Ana dini yake na anamcha Mungu kwa njia yake. Nasema tu nilichokiona mimi kwa imani yangu. Asubuhi moja nilikuwa nikisoma habari za nabii Eliya, ambaye alikimbilia jangwani akajilaza chini ya mretemu na kuomba afe. Sote tunakumbuka sehemu ya mlimani, ambapo Bwana hakuwamo katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto, kisha ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Tunasahau kwamba kabla ya sauti palikuwa na chakula. Malaika alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule", na palikuwa na mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Hakumkemea kwa kutaka kufa, hakumuuliza imani yake iko wapi. Eliya akala akalala tena, na malaika akaja mara ya pili kwa chakula kile kile. Nilikuwa nimeishika chupa ya uji mkononi, ingali moto. Nikakumbuka Yakobo alivyoamka usingizini kule Betheli akasema, "Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua."

Maneno hayo ya mwisho, "wala mimi sikujua", yanastahili kuhubiriwa zaidi ya tunavyoyahubiri. Yakobo alilala akiwa mkimbizi, jiwe likiwa mto wake, na Mungu alikuwapo kabla yeye hajahisi lolote; kujua kulikuja baadaye. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wale wawili wa njia ya Emau, waliotembea na Bwana jioni nzima wakimweleza huzuni zao bila kumtambua, na walipomtambua akatoweka machoni pao. Mtu akiniuliza, kama uwepo wa Mungu hauhisiwi una tofauti gani na kutokuwapo kwake, ninakubali kwamba ni swali zito na sina jibu la kumnyamazisha. Ninaweza kusema tu kwamba nikiitazama miezi ile leo siioni kuwa mitupu, ingawa nilipokuwa ndani yake ilikuwa mitupu kabisa, na yote mawili ni kweli.

Wala sikatai kwamba wako wanaopewa kuhisi. Pale Ocean Road tulikaa benchi moja na mama wa makamo kutoka bara ambaye alisema kwamba tangu augue hajawahi kuwa na amani kiasi hicho, na uso wake ulishuhudia. Nilimwamini, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ni kipawa, na kipawa hakiwezi kugeuzwa kuwa kipimo. Mama Teresa wa Calcutta, aliyewahudumia mafukara wanaokufa njiani, alifariki mwaka 1997, na miaka 10 baadaye barua zake zilipochapishwa ulimwengu ulijua kwamba kwa karibu miaka 50 aliishi katika giza la rohoni, akiomba bila kuhisi kwamba anasikilizwa. Kanisa Katoliki lilikuwa na habari hizo lilipomtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2016. Na sisi Walutheri tumkumbuke Martin Luther mwenyewe, ambaye binti yake Magdalena alifariki mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mkewe iliwapasa kushukuru kwa furaha kwa kuwa mtoto ameponyoka taabu za dunia, lakini mapenzi ya mzazi yana nguvu hata hawawezi kushukuru bila kulia na kuugua, na kwamba hata kukitafakari kifo cha Kristo hakukutosha kuyaondoa yote. Mwanamatengenezo huyo, aliyefundisha kwamba mtu huokolewa kwa imani, hakuona haya kuliandika hilo. Angekuwa msibani kwetu mwezi uliopita angeambiwa ajichunguze.

Ninachowaomba wachungaji, mapadri, wainjilisti na viongozi wa jumuiya ni kidogo. Mnapopewa kipaza sauti chini ya turubai, mjue kwamba kuna mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye kila neno lenu litakaa naye usiku baada ya watu kuondoka. Zisomeni Zaburi za maombolezo katika ibada za kawaida za Jumapili, si siku ya Ijumaa Kuu peke yake, ili mtu atakapozihitaji azikute zimo kinywani mwake. Takriban theluthi ya Zaburi zote ni za namna hiyo, na katika mwaka mzima wa ibada sizisikii ila mara chache. Mtu akiwaambia kwamba hausikii uwepo wa Mungu, msiharakishe kumwekea mikono kana kwamba amekiri ugonjwa. Mwacheni aseme mpaka amalize. Na yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa ili kuthibitisha imani yake anafanya jambo la hatari kwa mwili na kwa roho, na viongozi wa makanisa wanapaswa kulisema hilo hadharani bila kuoneana aibu.

Kwetu sisi waumini wa kawaida nina neno kuhusu siku zinazofuata. Hapa Dar es Salaam tunajua sana kujaa msibani. Tunachanga, tunapika, tunakesha, tunajaza daftari la rambirambi. Siku ya tatu turubai linafunguliwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, na ikifika wiki ya pili mfiwa anasikia saa ya ukutani. Rafiki zake Ayubu, pamoja na makosa yao yote ya baadaye, walianza vizuri kuliko sisi: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku wala hakuna aliyemwambia neno, kwa maana waliona kwamba maumivu yake ni makuu mno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Baada ya mume wangu kufariki, mwanzoni mwa mwaka 2019, jirani yangu aliendelea kuja alfajiri kwa siku 40, ingawa hapakuwa tena na wa kulishwa kwa mpira. Aliniletea mimi chai. Mara nyingi tuliinywa bila kuzungumza.

Nimerudi kwa yule mama kijana mara nne tangu mazishi. Mara mbili za kwanza tulichambua mchicha. Mara ya tatu aliniuliza kama katika Biblia kuna mahali pa kusoma mtu aliyemkasirikia Mungu, au kama mtu wa namna hiyo hapaswi kuifungua kabisa. Nilimfungulia Zaburi ya 88, nikamwachia chumba. Niliporudi alikuwa ameisoma hadi mwisho, na aliniuliza kama kuna ukurasa uliochanika, kwa kuwa haikuonekana kumalizika. Nikamwambia kwamba haukuchanika, inaishia hapo hapo. Alinyamaza kidogo, akaanza kuisoma tena kutoka juu, safari hii kwa sauti.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam
(Jina kamili limehifadhiwa kwa Mhariri)